Kwa nini bado tunatembea na laini mbili

Simu ya mtu wa Kisumu ukiifungua ni nadra sana upate laini moja. Nenda Kondele uulize watu wa boda, nenda Kibuye uulize mama anayeuza omena, uliza mwanafunzi wa Maseno aliyekuja tauni wikendi, wote watakuambia hii laini ni ya M-Pesa na ya kupigiwa, hii nyingine ni ya bando na kupiga. Tumezoea hadi hatuoni kama ni kitu cha kuuliza. Mimi naona ni cha kuuliza, tena sana, kwa sababu nchi yetu iko na sheria nzima ya kusimamia kampuni za simu, na kazi moja ya hiyo sheria ni kuhakikisha mteja anaweza kuhama kampuni bila kuumia. Sasa kama sheria imekuwako zaidi ya miaka 25, mbona bado tunalisha laini mbili?

Nimeisoma hiyo sheria polepole, ni ndefu na imerekebishwa mara nyingi, na nataka niieleze vile nimeielewa kwa sababu naona inaongelewa Nairobi na mawakili na wenye kampuni, na sisi tunaonunua kredo ya kumi kumi ndio inatugusa kila siku.

Turudi nyuma kidogo kwanza. Kabla ya 1999 mambo yote ya simu yalikuwa chini ya shirika moja la serikali, Posta na Simu, lile watu waliita KPTC. Hilo shirika ndilo lilikuwa linauza simu, ndilo linapanga bei, ndilo linaamua kama kuna mtu mwingine ataruhusiwa kuuza. Yaani hakukuwa na mtu wa kumlalamikia, ukienda kulalamika unalalamika kwa yule yule aliyekukosea. Wazee wanakumbuka, kuomba simu ya waya nyumbani ilikuwa ni kungoja miaka, na ukitaka kupigia mtu wa Nairobi unapanga foleni kwa kibanda cha simu pale posta na sarafu mkononi, na nyuma yako watu wanaguna umalize haraka.

Mwaka wa 1998 bunge likapitisha sheria mpya ya mawasiliano na 1999 ikaanza kufanya kazi. Kitu kikubwa ilifanya ni kulivunja hilo shirika. Barua zikaenda kwa Posta, simu zikaenda kwa Telkom Kenya, na kazi ya kusimamia ikapewa mtu wa tatu kabisa ambaye hauzi chochote, Tume ya Mawasiliano, CCK. Halafu ikaweka jopo la rufaa, ili hata huyo msimamizi akikosea kuwe na mahali pa kumshtaki bila kuanzia High Court. Mimi naona hapa ndipo penye uzito wa sheria yote. Anayeuza asiwe ndiye anayesimamia. Ukishaelewa hiyo, hayo mengine yote ya leseni na bei na faini yanafuata yenyewe.

Ndio 2000 tukapata kampuni mbili za simu za mkono zinazoshindana kweli, Safaricom na Kencell, kila moja ikalipia leseni yake dola milioni 55. Safaricom wakaamua kuhesabu kwa sekunde, Kencell wakaanza kwa kuhesabu kwa dakika, na hiyo tofauti peke yake ilibadilisha nani anaweza kushika simu. Mtu wa chini hakuwa na dakika nzima ya kuongea, alikuwa na sekunde kumi na tano za kusema nimefika, tuma gari. Kencell baadaye wakawa Celtel, wakawa Zain, wakawa Airtel, ni kampuni ile ile tu imebadilisha jina, na kuna watu huku bado wana namba waliyonunua wakati wa Kencell.

Sheria imefanyiwa marekebisho makubwa mara mbili. Ya kwanza yalitiwa saini Januari 2009, ikaitwa sheria ya habari na mawasiliano, hii watu wanaiita KICA, na ikaanza kugusa mambo ya kompyuta na utangazaji. Ya pili ni 2013, CCK ikawa Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Kama umeona watu wanataja CCK na CA ukadhani ni ofisi mbili, ni moja.

Sasa leseni. Zamani leseni ilikuwa inafuata mashine, ya simu ya waya kivyake, ya simu ya mkono kivyake, ya intaneti kivyake. Tangu 2008 wakaipanga upya, haijalishi unatumia mashine gani, wanauliza unafanya nini. Una mitambo, yaani busta, waya, masafa? Hiyo ni leseni moja. Unauzia wananchi huduma juu ya mitambo, iwe yako au ya mwingine? Hiyo ni nyingine. Unatoa vitu vya kusoma na kusikiliza, kama zile meseji za mpira na dini na kamari? Hiyo nayo ina leseni yake. Kampuni kubwa huwa nazo zote tatu.

Na hapa niseme neno kwa vijana wetu wa wifi ya mtaa. Nyalenda, Manyatta, Mamboleo, na Nakuru pia ukienda kule Kaptembwa, kuna vijana wanachukua faiba ya nyumbani wanaisambazia majirani kwa wiki au kwa siku. Naelewa kabisa, wamejaza pengo ambalo kampuni ziliacha kwa sababu ziliona mtaa wetu hauna faida. Lakini kuuzia watu intaneti bila leseni ni kosa chini ya hii sheria, na siku kampuni ikikukatia au CA ikikujia hauna pa kusimama. Kitu wengi hawajui ni kwamba tangu 2021 CA ilitoa mpango wa leseni za netiweki za jamii, kwa vikundi vidogo visivyo vya faida, na masharti yake si ya kampuni kubwa. Hapa Kisumu kuna AheriNet na Nakuru kuna ya Lanet Umoja, ni mifano ya netiweki za namna hiyo. Kama mko kikundi, tafadhali uliza hiyo njia kabla ya kununua ruta ya tano.

Haya, turudi kwa laini mbili, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu uko.

Ukipiga simu kutoka kampuni A kwenda kampuni B, kampuni yako inailipa ile nyingine pesa kwa kila dakika, malipo ya kupokelewa simu. Wewe hauoni hayo malipo, yako ndani ya bei unayokatwa. Nani anapanga ni shilingi ngapi? CA, kwa nguvu ya KICA. Na hii namba ndogo isiyoonekana ndiyo ilikuwa inaamua nani anaongea na nani nchi hii. Hadi katikati ya 2010 ilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika. Fikiria sasa, kampuni ndogo ikitaka kuuza simu ya kwenda nje kwa shilingi tatu haiwezi, kwa sababu itakuwa inalipa 4.42 na kuuza kwa tatu. Na kwa vile watu wengi walikuwa kwa kampuni kubwa, simu nyingi za wateja wa kampuni ndogo zilikuwa zinaenda huko, kwa hivyo pesa nayo ilikuwa inaenda huko. Kupiga ndani kwa ndani bei rahisi, kupiga nje bei ya kuumiza, basi kila mtu akafuata mahali mamake yuko na mahali mteja wake yuko. Ndipo watu wakaanza kushika laini mbili, na wengine wetu simu mbili, kabla zile za laini mbili za China hazijaingia.

Agosti 2010 CCK ikaikata katikati, ikawa 2.21. Nafikiri kila mtu wa umri wangu anakumbuka kilichofuata. Zain, ambayo wakati huo ilikuwa tayari imenunuliwa na Bharti ya India, ikashusha hadi shilingi 3 kwa dakika na wengine wakalazimika kushuka. Watu walikuwa wanapigiana hadi kusalimiana tu. Ile namba ya 2.21 ilikuwa ishuke tena 2011, ikasimamishwa, ikaja kushuka hadi 1.44 mwishoni mwa 2012, halafu 1.15, halafu 0.99 mwaka wa 2014. Baada ya hapo ikakaa. Ikakaa miaka, hakuna aliyeigusa. Desemba 2021 CA ikatangaza itashuka hadi 0.12, Safaricom wakaenda kwa lile jopo la rufaa niliyotaja juu, wakaelewana 0.58 kuanzia Agosti 2022, na Machi 2024 ikawa 0.41.

Naandika hizi namba zote makusudi, kwa sababu watu husema serikali haijawahi kutufanyia kitu kwa simu. Imefanya. Kutoka 4.42 hadi 0.41 ni kazi ya sheria, kampuni zenyewe hazingefanya hiyo kwa hiari. Ila angalia pia inachelewa wapi, inachelewa kila mara mwenye nguvu akikataa, na miaka ya kungoja ni sisi tunaoilipia.

Basi bei ya kupiga nje ikawa si tatizo sana tena. Na Aprili 2011 sheria ikatupa kitu kingine kikubwa, kuhama na namba yako. Unatoka kampuni moja unaenda nyingine na namba inabaki ile ile, 0722 yako unaenda nayo Airtel, 0733 yako unaenda nayo Safaricom. Nchi nyingine hii kitu iligeuza soko lote. Huku kwetu mwanzoni watu walijaribu kwa wingi, halafu ikafa kimya kimya, wanaohama ni wachache sana hadi kuna watu wanauza laini hapa tauni ukiwauliza kuhusu kuhama na namba wanakuangalia kama umeuliza kitu cha zamani.

Kwa nini ilikufa? Kwa sababu namba inahama lakini pesa haihami.

M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma na kupokea pesa kwa simu, ilianza Machi 2007. Wakati huo hakukuwa na sheria yoyote ya pesa za simu, Benki Kuu iliiruhusu kwa barua tu ikisema haina pingamizi. Baadaye, 2011, bunge likapitisha sheria ya mifumo ya malipo ya kitaifa na kanuni zake zikaja 2014, na pesa za simu zikawekwa chini ya Benki Kuu. Kwa hivyo ile laini ndani ya simu yako iko chini ya wasimamizi wawili. Sauti, meseji na data ni CA. Salio la M-Pesa au Airtel Money ni Benki Kuu. CA inaweza kuamuru kampuni ikuachie uende na namba, na imeamuru. Lakini CA haiwezi kuamuru M-Pesa yako ikufuate, na Benki Kuu nayo haishughuliki na kuhama kwa namba. Katikati ya hizo ofisi mbili kuna nafasi, na ndani ya hiyo nafasi ndiko tunaishi na laini zetu mbili.

Na si salio pekee. Salio unaweza kutoa. Fikiria mtu aliyeweka akiba M-Shwari tangu 2012 ilipoanza, mtu ambaye limiti yake ya Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, imepanda pole pole tangu 2019, mama wa duka ambaye namba yake ya malipo imebandikwa ukutani na wateja wa Luanda na Ahero wanaijua kwa kichwa. Huyo mtu ukimwambia hama kuna bando nafuu upande ule, unamwambia aache historia yake ya mkopo na wateja wake. Hawezi. Kwa hivyo anafanya kitu cha akili, anaacha laini ya zamani ikae ya pesa, ananunua nyingine ya bando. Sheria ilifungua mlango wa mbele na mlango wa nyuma ukabaki umefungwa kwa kufuli ya sheria nyingine.

Kuna vitu vimesukumwa na nivitaje ili niwe mkweli. 2014, baada ya malalamiko ya Airtel kwa Mamlaka ya Ushindani, ajenti wa M-Pesa wakaruhusiwa kuhudumia kampuni nyingine pia, kabla ya hapo walikuwa wanafungwa na mkataba. CA nayo iliajiri wataalamu wa Analysys Mason waangalie soko, na rasimu ya ripoti yao ilipoanza kusemwa 2017 ilipendekeza kampuni kubwa igawane minara na wengine na pesa za simu zifunguliwe. Aprili 2018 ikawezekana kutuma pesa kutoka M-Pesa moja kwa moja hadi kwa salio la Airtel Money na kurudi, kabla ya hapo mtu wa upande mwingine alikuwa anapata meseji tu ya kwenda kutoa kwa ajenti. 2022 namba za Lipa Na M-Pesa zikaanza kupokea pesa kutoka kwa Airtel na Telkom. Hizi ni hatua, na nazishukuru. Lakini toka tauni uende Seme au Nyakach uulize ajenti wa kampuni ndogo, kwanza umtafute, halafu ukimpata uulize kama ana floti, yaani pesa za kuhudumia wateja, ya elfu tano. Ndio maana mpaka leo Safaricom iko na zaidi ya asilimia 60 ya laini za nchi hii lakini kwa pesa za simu iko na kama asilimia 90. Hiyo tofauti ya 60 na 90 ndiyo laini yako ya pili.

Sheria ya mawasiliano iko na sehemu inayozungumzia kampuni yenye nguvu kupita kiasi sokoni, inaruhusu CA kuitangaza hivyo na kuiwekea masharti ya ziada. Hoja ya upande mmoja ni kwamba Safaricom ilifika hapo kwa kazi, kwa kujenga busta mahali wengine hawakutaka, na hiyo ni kweli, mimi nimetembea vijiji vya Suba na Bondo najua netiweki gani inashika. Kuadhibu mtu kwa sababu amefanya kazi vizuri si haki. Lakini sheria haisemi aadhibiwe kwa ukubwa, inasema asitumie ukubwa kumfungia mteja ndani. Hivyo ni vitu viwili tofauti na kila mara mjadala ukianza vinachanganywa.

Kuna kitu kingine kwa hii sheria nakipenda na hakisemwi sana, mfuko wa huduma kwa wote. Kila kampuni yenye leseni inatoa asilimia 0.5 ya mapato yake, pesa zinaenda kujenga netiweki mahali hakuna faida, Turkana, Marsabit, Samburu, West Pokot, na kuunganisha shule za sekondari na intaneti. Ukiwa Kitale ni rahisi kusahau kwamba ukipanda kidogo tu kuelekea Pokot kuna vijiji ambavyo mtu alikuwa anapanda mlima kutafuta netiweki ya kuita ambulensi. Soko peke yake halingefika huko.

Watu wa Busia na Malaba wana shida yao ya kipekee, simu inashika netiweki ya Uganda ukiwa bado jikoni kwako Kenya, na sheria yetu inaishia mpakani. Ilibidi nchi zenyewe ziketi, Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, na kati ya mwisho wa 2014 na 2015 wakaondoa malipo ya kupokea simu ukiwa nchi jirani na kuweka kikomo cha bei ya kupiga. Kabla ya hapo ungeweza kukatwa pesa kwa kupokea simu ya jirani yako.

Sio kila kitu ndani ya KICA ni kizuri, siwezi kuandika kama mtu aliyetumwa. Kulikuwa na kifungu cha 29, kilichofanya iwe jinai kutuma ujumbe wa kuudhi, na kikatumika kukamata watu kwa vile wameandika mtandaoni mambo ambayo mkubwa fulani hakupenda. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakitupa nje, akisema ni kipana mno, hakieleweki mipaka yake, na kinakiuka katiba. Uamuzi mzuri sana. Na 2012, Septemba ilipoisha, simu feki karibu milioni 1.9 zikazimwa. Sababu ya kisheria ilikuwepo, lakini waliozimiwa ni watu waliouziwa wakidhani wamenunua simu halali, na waliowauzia hawakuzimiwa chochote. Ukinunua simu mkononi, bonyeza *#06# uone namba ya IMEI, yaani namba ya kutambulisha simu yenyewe, uitume kwa 1555, utajibiwa kama simu ni halali. Fanya hivyo kabla ya kutoa pesa.

Usajili wa laini pia uko ndani ya sheria. Tunakumbuka zile foleni za Aprili 2022, jua kali, wazee na vitambulisho vyao, hadi tarehe ikasogezwa mbele miezi sita. Lengo ni zuri, hapa kwetu watu wameibiwa sana na laini zisizo na mwenyewe. Ila sheria ikimlazimisha raia atoe taarifa zake, lazima pia imlinde taarifa hizo zisizagae, na tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data inayosema hivyo hivyo. Ajenti anayeandika namba ya kitambulisho chako kwa daftari lililo wazi mezani, una haki ya kumwambia alifunge.

Halafu haki ya kulalamika. Mama yangu yuko kijijini, simu yake ni kabambe ya vitufe, na kila akiweka kredo ya ishirini ilikuwa inaisha bila kupiga. Alikuwa amesajiliwa kwa meseji za kila siku ambazo hakuwahi kuomba na hasomi. Kanuni za kulinda mteja za 2010, zilizotungwa chini ya KICA, ziko upande wake, kampuni haifai kumkata mtu kwa huduma ambayo hakuiomba na inafaa iwe na njia ya kupokea malalamiko. Nilipiga kwa kampuni, wakaniambia nimwambie atume neno la kusimamisha, nikauliza pesa zilizokwisha katwa je, kimya. Nikaandika, nikaweka tarehe na kiasi, nikataja hizo kanuni, na nikasema nisipojibiwa napeleka CA. Pesa zikarudi na meseji zikaisha. Utaratibu ndio huo: kwanza kampuni, uwe na ushahidi wa kwamba ulilalamika, halafu CA kwa chukuahatua@ca.go.ke au uende ofisi zao za mkoa. Wazazi wetu wengi wanakatwa hivyo kila siku na hawajui kuna mahali pa kusema, tafadhali ukienda nyumbani shika simu ya mamako uangalie meseji zake.

Mwisho wa yote nirudi bungeni, kwa sababu mambo hayajaisha huko. 2025 ulipelekwa mswada wa kurekebisha KICA, umetoka kwa mbunge wa Aldai hapo Nandi, majirani zetu, unaotaka kampuni za intaneti zimpe kila mteja namba ya mita na kupima matumizi yake kama stima. Nia iliyosemwa ni kwamba mtu alipie alichotumia. Mimi sikubaliani nao. Kupima kila kitu mtu anachofanya kwa intaneti ni kuweka jicho ndani ya nyumba yake, na familia ambazo ziko kwa faiba ya bei moja kwa mwezi, zile watoto wanasomea, ndizo zingeumia kwanza.

Kama KICA inafunguliwa, ifunguliwe kwa jambo linalotubana. Kiandikwe kifungu kinachowalazimisha CA na Benki Kuu kukaa meza moja kuhusu kuhama na namba. Mtu akihama, pesa zinazotumwa kwa namba yake zimfikie popote alipo bila anayetuma kuhitaji kujua yuko kampuni gani. Historia yake ya mkopo iwe ni yake, aweze kuiomba na kwenda nayo kwa mkopeshaji mwingine. Na ajenti wa kijijini apewe sababu ya kushika floti ya kampuni zaidi ya moja, kwa mfano ule mfuko wa huduma kwa wote uangalie pia pesa za simu, si busta peke yake. Benki Kuu yenyewe kwenye mkakati wake wa malipo wa 2022 hadi 2025 ilisema inataka mifumo iongee, kwa hivyo siombi kitu ambacho hakijawahi kufikiriwa.

Katiba inasema lazima wananchi waulizwe maoni kabla mswada haujapita, na kamati za bunge hupokea maoni kwa barua na kwa barua pepe, si lazima usafiri Nairobi. Nimeanza kuandika yangu. Kama uko na duka, ni ajenti, au unabeba laini mbili kwa sababu hizo hizo, niandikie hapa chini vile inakugharimu kwa wiki, nitaweka mifano yenu bila majina.